Mwosha Naye Huoshwa

Kwa karibu miezi mitano ya mwaka 2020, ofisi yangu ilikuwa choo. Nyumba yetu ya Likoni, ng'ambo ya kivuko cha kisiwa cha Mombasa, ina vyumba viwili na sebule, na mle ndani tulikuwa watu saba: mimi, mume wangu aliyerudishwa nyumbani hoteli aliyokuwa akifanya kazi Diani ilipofunga, watoto wetu wanne, na mama mkwe aliyekuja kututembelea wiki moja akakutwa na marufuku ya safari. Mlango wenye komeo la ndani ulikuwa mmoja, wa choo. Simu ikilia na nikaona ni ya kazi, nilichukua daftari, nikapindua ndoo nikaikalia, nikafungua mfereji kidogo maji yachuruzike ndani ya karai yafunike sauti, kisha nikaanza: "Nakusikia, mwanangu. Uko na nani hapo?"

Mume wangu alikuwa akisema simu hiyo inakunywa maji kuliko sisi wote. Mama mkwe yeye hakusema kitu, ila kila nikitoka alinitazama macho ya pole, nadhani akiamini nina tumbo la kuendesha lisilosikia dawa.

Kazi yangu ni ulinzi wa watoto. Shirika letu ni dogo, watu hatufiki kumi. Mtoto akipigwa, akinajisiwa, akitelekezwa, akiozwa kabla ya umri au akitumwa kazi badala ya shule, sisi ni miongoni mwa wanaoitwa. Tunakwenda, tunasikiliza, tunamjulisha afisa wa watoto wa serikali, tunafuatana na mtoto hospitali na polisi, tunatafuta jamaa wa kumpokea, kisha tunarudi kumwona tena na tena, maana kesi haiishi siku mtu anapotiwa pingu. Mtaani wananiita Mama Watoto. Jina zuri, lakini wanaponiona naingia uani kwa mtu, majirani huanza kuhesabu vidole.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nimeishi na methali hiyo tangu siku ya kwanza kazini, kwa kuwa sisi ndio waosha wa mtaa, tofauti ni kwamba tunaowaosha wako hai na kesho utakutana nao dukani. Tunayoyaona hayasimuliwi barazani. Hayasimuliwi hata kitandani kwa mume. Na kuna methali nyingine, fupi, ambayo watu huitumia kumtisha mtu mwenye kiburi: mwosha naye huoshwa. Mwaka ule wa korona niliigeuza nikaifanya swali. Huoshwa na nani?

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa Ijumaa, tarehe 13 Machi. Jumapili rais akasema shule zifungwe, na Jumatatu asubuhi watoto wa shule za kutwa wakabaki majumbani. Tarehe 27 kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyohiyo ya kwanza pale kivukoni mabomu ya machozi yakarushwa katikati ya watu waliokuwa wakikimbilia feri warudi makwao. Mimi nilikuwa nimevuka saa tisa, kwa bahati tu. Aprili 8 Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mei 6, Ramadhani iko katikati, ikafuata Mji wa Kale.

Tangazo likawa moja kila upande, redioni, kwenye mabango, mpaka kwenye jina la mtandao wa simu: kaa nyumbani. Sina ugomvi nalo, ugonjwa ulikuwa ugonjwa. Lakini mtu aliyefanya kazi yetu miaka kumi na mbili hawezi kulisikia neno hilo kama wengine wanavyolisikia. Kikulacho ki nguoni mwako. Katika majalada yangu yote, wageni waliomdhuru mtoto nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Waliobaki ni baba, baba wa kambo, mjomba, binamu, mpangaji wa chumba cha pili, mtu anayejua mtoto analala upande gani.

Watu hudhani simu zetu zililia bila kupumzika tangu siku ya kwanza. Laiti. Wiki mbili za mwanzo za Aprili simu yangu ilikuwa kimya, na sijawahi kuogopa kitu kama ule ukimya. Kabla ya hapo, kesi zilinifikia kwa njia nne: mwalimu aliyeona mtoto hawezi kukaa vizuri kwenye dawati, ustadhi wa madrasa, muuguzi wa zahanati, na jirani. Shule zilifungwa. Madrasa zilifungwa. Zahanati watu waliikimbia kwa kuogopa kuambiwa wana korona wakapelekwa karantini. Jirani naye alijifungia kwake. Ilikuwa kama mtu amepita mtaani usiku akazima taa moja baada ya nyingine, na sisi tumebaki tumesimama barabarani na daftari.

Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ilikuwepo, ya bure, inapokea mchana na usiku, na iliokoa wengi. Lakini mtoto aipige kutoka wapi? Mtoto wa Likoni hana simu yake. Simu ni ya mama, au ni ya yule yule anayemwogopa.

Aliyenifungua macho ni kijana wa mkokoteni. Sisi tuna tangi, ila majirani zetu wengi hununua maji kwa mitungi ya lita 20, na msimu ule wa kunawa mikono kila dakika vijana wa maji walikuwa na kazi kuliko daktari. Siku moja alishusha mitungi kwa jirani, akanifuata pale nilipokuwa naanika nguo, akasema bila kunitazama, "Mama Watoto, kule kwa nyumba ya bati la buluu kuna mtoto hatoki ndani. Mlango nafunguliwa na yule mzee, mtungi naachia kizingitini. Zamani nilikuwa naingiza mpaka jikoni." Akakamata mkokoteni wake akaenda.

Nilisimama na shuka la maji mkononi. Nani mwingine bado anaingia nyumba za watu? Nilikaa nikaandika: wauza maji, mama wa mahamri anayepita alfajiri, mwenye duka anayejua nani amekopa nini, vijana wa bodaboda wanaojua nani kapelekwa wapi saa ngapi, mkunga wa mtaa, mzee wa mtaa. Hao ndio walimu waliobaki. Tukawafundisha barazani, watatu watatu, barakoa zikiwa kidevuni kama ilivyokuwa desturi yetu: mtoto aliyenyamaza ghafla, mtoto anayetumwa dukani usiku, msichana mwenye pesa au sodo mpya ambayo mama yake hakumnunulia, mlango ambao haufunguliwi. Tukawaambia wasiulize, wasibishane na mtu, wasifanye ushujaa. Wapige simu tu. Kufikia mwisho wa Aprili nilikuwa na taarifa nyingi kuliko nilizoweza kuzifuata, na kosa la kuzifuata kwa kuchelewa likawa langu mwenyewe, si la ukimya tena. Sijui lipi lilikuwa rahisi kubeba.

Nyumba ya bati la buluu sitaisimulia. Ile ipo mahakamani.

Nitasimulia ya pili, na nimebadilisha yanayofaa kubadilishwa. Msichana wa miaka kumi na miwili. Mama wa mahamri alinipigia saa kumi jioni kwamba mtoto yuko kwake, amekimbilia uani, na amesema jambo. Nilifika mbio. Jambo lenyewe lilikuwa la usiku uliotangulia. Kila anayefanya kazi hii ana saa inayopiga kichwani: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Hospitali yenye huduma hiyo iko kisiwani. Katikati kuna feri, na kafyu ni saa moja.

Tulivuka saa kumi na moja na nusu. Feri ilijaa watu wanaokwenda upande mmoja na wasiwasi mmoja, walinzi wakipiga kelele watu waachane mita moja na nusu, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda hiyo mita. Msichana alisimama amenigandia ubavuni. Nilikuwa nimefundishwa mwezi uleule, kwa karatasi iliyotumwa kwenye simu, kwamba mfanyakazi asimguse mtoto anayemhudumia. Mtoto ametoka kuguswa na mkono uliomdhuru, sasa hata ule usiomdhuru umepigwa marufuku. Nilivua leso niliyojifunga begani, nikamfunika nayo, nikaweka mkono wangu juu ya leso. Nilijiambia leso ni barakoa ya mkono. Mpaka leo sijui kama hoja hiyo ingekubaliwa na mtu wa afya, na sijamuuliza yeyote.

Hospitali walimpokea vizuri, nasema hivyo kwa kuwa haki ya mtu apewe. Muuguzi aliyekuwa zamu alijifunga mavazi yale ya plastiki mwili mzima, miwani, barakoa mbili, na mtoto alipomwona akarudi nyuma mpaka ukutani. Muuguzi akasimama. Akaondoka akaenda mlangoni, mbali kidogo, akashusha barakoa kwa sekunde mbili tatu, akatabasamu, akaipandisha. "Umeniona? Mimi ndiye. Sasa naja." Kwa mafunzo yote niliyowahi kuhudhuria, hilo ndilo somo ambalo ningelipa nauli yangu kwenda kulisikia.

Fomu zikajazwa, dawa zikaanzwa. Tulipomaliza ilikuwa saa tatu kasoro, kafyu imeshakolea, na kitambulisho changu cha kazi hakikuwa na uzito kwenye kizuizi chochote. Tukalala bencini mpaka alfajiri, yeye kichwa chake kwenye paja langu juu ya leso ileile, mimi nimeegemea ukuta. Nilikuwa naogopa mambo mawili na nayaona aibu yote mawili. La kwanza ni kwamba nitaipeleka korona nyumbani kwa mama mkwe mwenye kisukari. La pili ni kwamba mtoto huyu ataamka kabla sijajua nitamwambia anakwenda wapi.

Pa kwenda palikuwepo, ndiyo iliyokuwa adha yenyewe. Nyanya yake mzaa mama anaishi Matuga, upande wa Kwale, matatu moja tu kutoka Likoni siku za kawaida. Afisa wa watoto aliandika barua siku ya pili yake, tena kwa haraka ambayo sikuitegemea. Lakini mpaka wa kaunti ulikuwa umefungwa, na barua, kumbe, ilikosa muhuri mmoja. Pale kizuizini nilirudishwa. Nikasogea tena, nikarudishwa. Nyanya alikuwa amekuja kwa miguu mpaka upande wa pili, amejifunga leso mbili, yuko kwenye jua na amefunga. Tulikuwa tunaonana. Msichana akampungia mkono, nyanya akampungia, kisha kila mmoja akashusha mkono, hawakujua wafanye nini tena.

Dakika arobaini. Mwishowe askari mmoja mtu mzima, ambaye muda wote alikuwa amekaa kwenye kivuli hasemi, akainuka akaniuliza, "Huyu ni mjukuu wa yule bi mkubwa?" Nikamjibu ndiye. Akamgeukia mtoto, "Nenda basi, lakini usikimbie." Hakunitazama mimi, na barua hakuigusa. Mtoto alitembea zile hatua kama anavyotembea mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Hakukimbia. Alipofika, nyanya hakuuliza habari ya mita moja na nusu.

Niliporudi nyumbani nilivua nguo uani, nikaoga kwa sabuni ya kufulia, nikaingia ndani, nikapika futari. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala mimi sikusema. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa. Usiku nilisikia moyo unakwenda mbio kama niko bado kwenye feri, na haukutulia mpaka daku.

Shirika lilijua kwamba tunachoka, siwezi kusema halikujua. Walitutumia waraka kwenye simu juu ya kujitunza nafsi. Umeandikwa na mtu wa mbali, naweza kuapa, kwa sababu ulitushauri jioni tuoge maji ya moto kwa utulivu na tuwashe mshumaa. Mombasa! Mwezi wa Aprili, maji ya mfereji yenyewe yanatoka kama ya chai, na mshumaa tunauwasha stima inapokatika, tena kwa kulaani. Ukashauri pia "tuache kazi mlangoni." Mlango upi? Nilisoma sentensi hiyo nimekalia ndoo.

Kilichonishika mimi hakikutoka kwenye waraka. Tulikuwa wanawake watatu, mmoja Kisauni, mmoja Changamwe na mimi, na usiku mmoja yule wa Kisauni alinipigia, akakaa kimya kwenye laini, kisha akasema, "Shoga, leo sina la kusema, nimetaka tu kusikia mtu anapumua." Tangu siku hiyo tukapigiana kila usiku saa tatu. Hatukukaa tukatunga kanuni, zilijitokeza zenyewe. Hakuna kutaja jina la mtoto. Hakuna kumpa mwenzio ushauri asioutaka. Usimwambie "jikaze", neno hilo tulilipiga marufuku kwa faini ya vocha ya shilingi 20, na aliyelipa mara nyingi ni mimi. Anayesema aseme mpaka amalize, hata kama anarudia jambo la jana. Na simu haikatwi kabla mtu hajatoa kituko kimoja. Wa Changamwe alikuwa fundi wa hilo. Siku aliyosimulia jinsi mume wake, dereva wa lori asiye na safari, alivyoanza kuwapangia watoto zamu za chooni kwa karatasi yenye saini, nilicheka mpaka mama mkwe akabisha mlango wa choo kuuliza kama sasa nimepona.

Ndiyo, na simu hizo pia zilipigiwa chooni.

Nawajua wenzetu waliokuwa na washauri wa kulipwa wa kuzungumza nao. Nawaonea kijicho, sikatai. Mfanyakazi anayesikiliza mambo ya watoto anahitaji mtu aliyesomea, kama fundi wa stima anavyohitaji glavu, na mwajiri anayemwachia apapase waya kwa mikono mitupu anamkosea. Simu zetu za saa tatu zilikuwa viraka. Lakini kiraka nacho kilisitiri.

Mambo mengine niyapite haraka. Watoto waliorudishwa kwa jamaa kutoka makao ya watoto Machi ile, baada ya serikali kuagiza makao yapunguze watu: kumrudisha mtoto nyumbani ni kazi ya miezi, sisi tukaifanya kwa siku, na nusu ya daftari langu la mwaka ule ni simu za kuuliza tu "amekula, amelala wapi." Wavulana: hakuna aliyeniuliza habari zao hata mara moja mwaka mzima, na wao ndio niliokuwa nawaona kila asubuhi wakipita na magunia ya vyuma chakavu, wa darasa la tano, la sita, wengine jioni wakiwa nyuma ya vijana wa mapanga. Mahakama zilipunguza shughuli tangu Machi 16, kesi zikasikilizwa kwa video, na nimeshuhudia mtoto akitoa ushahidi huku picha imeganda mdomo wazi, hakimu akimwomba arudie neno ambalo lilimchukua mwaka kulisema mara ya kwanza.

Juni ikaja nambari kutoka Machakos. 3,964. Ilizagaa magazetini na kwenye simu za watu, wasichana karibu elfu nne wenye mimba, na nchi nzima ikapigwa na bumbuwazi: korona imetuharibia mabinti. Mimi na wa Kisauni tuliihesabu kwenye simu kwa vidole. Nambari ile ilikuwa ya wasichana wa miaka 19 kwenda chini waliofika kliniki za wajawazito kati ya Januari na Mei. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Aliyekwenda kliniki Januari, mimba yake aliibeba shule zikiwa wazi, mwalimu yuko darasani, mchungaji kanisani, sheikh msikitini, na mimi niko kazini. Wenzangu wengine walifurahi kwamba sasa angalau watu wanazungumza, na labda walikuwa sahihi. Mimi nilikasirika. Ilikuwa kama mtu aone paa linavuja siku ya mvua kubwa akailaumu mvua.

Haina maana kwamba kufunga shule hakukuwadhuru. Tulikuwa na mfano karibu: Sierra Leone, wakati wa Ebola, shule zilifungwa tangu katikati ya 2014 hadi Aprili 2015, na zilipofunguliwa wasichana wajawazito wakakatazwa kuingia darasani na wenzao. Marufuku hiyo ilidumu miaka mitano, ikaondolewa Machi 2020, mwezi uleule shule zetu zilipofungwa. Sisi Kenya sera ya kumrudisha msichana shuleni baada ya kujifungua tunayo tangu 1994, na majirani zetu Tanzania walitangaza kuwaruhusu Novemba 2021. Sera ipo, lakini msichana wa Likoni hajui kama ipo mpaka mtu aende nyumbani kwao amwambie, amwambie na mama yake, amwambie na mwalimu mkuu ambaye amesahau. Mtu huyo wa kwenda ni sisi, na mwaka ule tulikuwa tunakwenda kwa simu.

Yule wa Changamwe aliacha kazi Septemba. Haikuwa kwa kishindo. Usiku mmoja alisema kituko chake kama kawaida, tukacheka, kisha akasema, "Jamani, kesho naandika barua." Sasa anauza samaki. Nilimtembelea, akanifungia changu wawili bila kupokea pesa, nikamuuliza vipi. "Samaki hakupigii simu saa nane za usiku," akasema. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia habari za mchumba wa zamani, kama mtoto fulani wa kwake alifanya mtihani. Alifanya.

Shule zilifunguliwa nusu Oktoba 12, kwa darasa la nne, la nane na kidato cha nne, na Januari 4, 2021 wakarudi wote. Siku hiyo nilikwenda shule ya karibu nikasimama chini ya mwembe nikitazama wanavyoingia. Mwalimu mmoja alikuja na karatasi ya majina ya ambao hawajaonekana, tukaanza: huyu kahamia bara, huyu kaolewa, huyu yuko kwa kinyozi anafagia nywele. Kijana wa maji alisimama nje ya geti na mkokoteni wake, akawa anatusahihisha anwani.

Nimeacha moja ambalo ndilo lililonipeleka kuandika haya yote.

Kulikuwa na msichana mwingine, wa miaka kumi na tatu, niliyekuwa nikizungumza naye kwa simu ya mama yake. Mama yake naye alikuwa anauza mahamri, kwa hiyo tukatunga lugha yetu. Nikipiga akasema "mahamri yamekwisha," maana yake yuko na mtu karibu, nikate. Akisema "zimebaki mbaazi tu," maana yake nije leo. Tulienda hivyo wiki tatu, na kila siku mahamri yalikuwa yamekwisha, yamekwisha, yamekwisha, na mimi chooni narudia kwa sauti, "Yamekwisha? Haya mwanangu, nitapiga kesho."

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya futari, binti yangu mkubwa, wakati ule ana miaka tisa, alinifuata jikoni. Mkononi ana kitu kimefungwa gazetini. Mahamri mawili, yamekauka kidogo, ya futari ya jana na ya leo. "Mama," akasema, "mpelekee yule mtoto. Kila siku anakwambia yamekwisha."

Mfereji haukuwa umeficha kitu. Miezi yote ile alikuwa amekaa upande wa pili wa mlango akisikiliza, na kwa rehema ya Mungu alichoelewa ni njaa tu. Nilimwambia nitayapeleka. Nikamwambia uongo mwingine kesho yake, kwamba mtoto ameyala na amemshukuru. Niliyaweka kwenye mkoba wangu wa kazi, na siku mbaazi zilipobaki, nilipoingia nyumba ile na afisa wa watoto na askari wa dawati la jinsia, yalikuwa bado humo, magumu kama mawe.

Sasa binti huyo ni mrefu kunishinda. Ofisi tulirudishiwa zamani, tuna meza na mlango, lakini simu za usiku bado hulia nyumbani. Juzi tulikuwa tunakula, ikalia. Nilikuwa bado natafuta miwani nione ni namba gani. Akainuka, akaizima televisheni, akawaambia wadogo zake wakamalizie uani, akaingia chooni kunifungulia mfereji.